Gofu ya kifahari Tanga: zawadi ataitoa nani?

Ndugu Mhariri,

Nimesoma barua ya msomaji mwenzangu aliyesema kwamba pwani ya Tanga ikipata uwanja mmoja wa gofu wa kifahari, wa mashimo 18, wenye hoteli na majumba ya kuuza pembeni, basi mashindano makubwa ya dunia yatakuja yenyewe. Maneno hayo siku hizi hayako gazetini tu. Yako Chumbageni kwenye kahawa, yako Pangani, yako kwa kila dalali wa viwanja mwenye ramani ndani ya simu. Naomba nafasi niyajibu, maana safari hii watu wanabishania kitu ninachokijua.

Mimi ni Mdigo wa Mkinga. Ujana wangu ulikwenda ng'ambo ya mpaka wa Horohoro, kwa wajomba zangu Ukunda, na kazi niliyoipata huko pwani ya Kenya ilikuwa kukata nyasi za gofu. Nilianza na mashine ya kusukuma, nikamaliza nikiwa msimamizi wa zamu ya alfajiri. Kuucheza mchezo wenyewe siuwezi hata kidogo. Ila nipeleke kwenye grini, pale penye shimo na bendera, nitakwambia imenyweshwa lini na kama mkata nyasi alinoa visu au alivivuta hivyo hivyo. Sasa nimerudi nyumbani, nina kitalu cha miche na nyasi Mabokweni, kando ya barabara ya Horohoro. Niseme mapema ili mtu asije kuninyooshea kidole: uwanja huo ukijengwa, mimi nitauza nyasi. Tumbo langu liko upande wa msomaji mwenzangu. Kichwa ndicho kinachokataa.

Kwanza tujue mashindano makubwa ni yapi. Kama ni yale manne yanayoitwa makubwa duniani, tuyasahau. Masters haiondoki Augusta, Marekani. Mawili mengine ni ya Marekani pia, na la nne, The Open, huchezwa Uingereza kwenye viwanja vichache vya kale vya pwani. Hakuna hata moja kati ya hayo lililowahi kuja Afrika. Kinachobaki ni vituo vya ziara ya wachezaji wa kulipwa ya Ulaya, ile inayoitwa DP World Tour, yaani mfululizo wa mashindano yanayohama nchi hadi nchi, na huku kwetu Afrika Mashariki kituo hicho ni Kenya Open.

Sasa itazameni Kenya Open. Ilianza mwaka 1967. Seve Ballesteros wa Hispania aliishinda mwaka 1978, Ian Woosnam wa Wales akaishinda mwaka 1986. Pamoja na majina hayo, kuanzia 1991 ilikaa kwenye daraja la pili la ziara ya Ulaya, na haikupandishwa daraja la kwanza mpaka mwaka 2019, ilipochezwa Karen, Nairobi, kwa zawadi ya jumla ya yuro milioni 1.1. Hesabu mwenyewe: miaka 52. Na kwa sehemu kubwa ya muda huo haikuwa ikikimbilia uwanja mpya wenye hoteli inayong'aa. Imekuwa ikichezwa zaidi Muthaiga na Karen, klabu za tangu enzi za mkoloni. Kilichobadilika ni mfuko. Serikali ya Kenya iliingia, jina likatanguliwa na Magical Kenya ambayo ni chapa yao ya utalii, benki na kampuni za simu zikaingia. Mwaka 2025 zawadi ilikuwa dola milioni 2.5. Kwa fedha zetu ni shilingi bilioni sita na ushei, na hizo ni zawadi tu. Hapo hujamlipa mpiga picha wa televisheni, hujafunga hema, hujasafirisha mtu. Mshindi wa mwaka huo, Jacques Kruyswijk wa Afrika Kusini, alichukua fungu lake akapanda ndege, na hiyo ni haki yake.

Hapo ndipo swali langu linapoanzia. Mwenye uwanja kwa kawaida hatoi fedha hizo. Hutolewa na wadhamini na serikali, mwaka baada ya mwaka, kisha ndipo uwanja huchaguliwa. Sijasikia mtu hata mmoja, kwenye baraza wala kwenye barua ile, akitaja nani wa Tanga atatoa bilioni sita kila mwaka. Kujenga uwanja wa kifahari kwa kutegemea shindano ambalo halina mlipaji ni kumshonea kijana kanzu ya harusi kabla hajaenda kuposa.

Wenzangu wa upande wa pili watanitajia Vipingo, na wana haki ya kuitaja. Vipingo iko Kilifi, kaskazini ya Mombasa, kwenye ekari zipatazo 2,500 zilizokuwa shamba la mkonge. Hayo sisi watu wa Tanga tunayaelewa haraka. Huku mkonge ulifika mwaka 1893 na mashamba yaliyochoka tunayo. Uwanja wao wa Baobab ulichorwa na David Jones wa Ireland ya Kaskazini, mtu ambaye mwenyewe alishinda Kenya Open mwaka 1989. Desemba 2019 ukapokea mashindano ya ziara ya wanawake ya Ulaya, Magical Kenya Ladies Open. Esther Henseleit wa Ujerumani alishinda mwaka huo na tena 2022, Aditi Ashok wa India akashinda 2023, Shannon Tan wa Singapore 2024. Kwa hiyo uwanja mpya wa kifahari wa pwani, kwenye mkonge, karibu kabisa na kwetu, ulipata mashindano ya kimataifa. Nakubali bila kinyongo.

Lakini tazama yalikuwa ni yapi. Zawadi ya mwaka ule wa kwanza ilikuwa yuro 300,000, chini ya theluthi ya ile ya wanaume. Jina lililotangulia ni lile lile la utalii wa Kenya. Mombasa kuna uwanja wa ndege wa kimataifa, na Vipingo penyewe pana kiwanja kidogo cha kutulia ndege. Nyuma yake kuna nchi iliyokuwa ikiandaa Kenya Open kwa nusu karne, yenye waamuzi, yenye makedi, wale wabeba mifuko ya wachezaji, wanaojua kusoma mteremko wa grini, yenye wakata nyasi waliofundishana.

Na kuna jambo ambalo watu wetu hawalitaji kabisa. David Jones huyo huyo ndiye aliyechora Kili Golf, upande wa Usa River, Arusha. Ni uwanja wa mashimo 18, mzuri kwa kila anayeujua mchezo. Kushoto una Meru, kulia una Kilimanjaro, uwanja wa ndege wa KIA uko jirani, na hoteli za Arusha zimezoea wageni wa dola tangu zamani. Mpaka leo ziara ya Ulaya haijaukanyaga. Basi naomba yule msomaji anieleze, taratibu, Tanga itawapa nini ambacho Kili Golf imeshindwa kuwapa? Bahari? Bahari Vipingo ipo, na mpaka wa Horohoro ni kilomita 65 tu za lami kutoka mjini Tanga. Mchezaji anayetaka bahari ana pa kwenda tayari. Sisi ndege zinazotua kwetu ni ndogo, na anayekuja kwa gari kutoka Dar es Salaam anazunguka Segera mpaka ile barabara ya Pangani na Bagamoyo ikamilike. Jiji letu ni zuri, lina raha yake, lina maziwa na machungwa ya Muheza, lakini kati ya Raskazone na Kange sijui tungewalaza wapi wachezaji zaidi ya mia, kila mmoja na kedi wake, na watu wa televisheni, kwa wiki nzima.

Mbali zaidi kuna mifano miwili ambayo napenda vijana waijue, kwa sababu wanapoonyeshwa ramani huonyeshwa ile yenye kufurahisha tu.

Wa kwanza ni wa Aberdeenshire, Scotland. Donald Trump alifungua uwanja wake pale mwaka 2012 akiutangaza kuwa bora kuliko yote duniani. Shindano la kwanza la ziara ya Ulaya ya wanaume likafika Agosti 2025. Miaka 13 imepita katikati, na mwenye uwanja kufikia wakati huo ni Rais wa Marekani kwa mara ya pili. Kama mtu wa namna ile, mwenye fedha na kelele zile, katika nchi ambayo gofu ndiko kwao, alingoja miaka 13, mimi naona tusiahidiane mitano. Huko pia kulikuwa na matuta ya mchanga ya pwani yaliyolindwa kisheria kwa upekee wake. Mwaka 2020 yaliondolewa hadhi hiyo kwa sababu ujenzi ulikuwa umeyaharibu sehemu.

Wa pili ni Chambers Bay, jimbo la Washington, Marekani, na huu ndio nilioufuatilia kwa jicho la kazi. Palikuwa machimbo ya mchanga na kokoto. Tunaoishi karibu na machimbo ya chokaa ya Maweni tunaweza kuyaona machoni. Uwanja ni wa halmashauri, si wa tajiri. Raia yeyote analipa kiingilio anacheza. Ulifunguliwa 2007, na mwaka 2008 tu ukapewa U.S. Open ya 2015, moja ya yale manne makubwa. Mtu akitaka ushahidi kwamba uwanja mpya unaweza, ushahidi mkubwa ni huo. Jordan Spieth akashinda. Lakini dunia ilizungumzia nyasi kuliko alivyozungumziwa Spieth. Zile grini zilipandwa aina moja ya nyasi, aina nyingine ikaingia yenyewe, zikawa na mabaka na vivimbe, mpira unaruka ruka. Henrik Stenson wa Sweden alizifananisha na brokoli. Baadaye wenyewe walizing'oa wakapanda upya. U.S. Open ya wanaume haijarudi pale hadi leo.

Mimi siwacheki. Grini ya mashindano hukatwa milimita tatu hivi, kila alfajiri, kwa mashine yenye visu vya mviringo, na ukivinoa vibaya nyasi inachanika badala ya kukatika, mchana unaiona imegeuka rangi ya majani makavu. Inatobolewa vishimo, inamwagiwa mchanga laini, inapigwa roli. Halafu kuna chumvi. Pwani yetu visima vingi vina ladha ya bahari, na nyasi ya bermuda ya kawaida itavumilia kidogo kisha itanyauka. Ipo paspalamu, nyasi inayostahimili maji ya chumvi, nami ninayo kitaluni, lakini hata hiyo huwezi kuinywesha chumvi mwaka mzima. Udongo unajaa, lazima uusafishe kwa maji yasiyo na chumvi. Wakati wa masika Mungu anakusafishia. Sasa ziara za Ulaya zinakuja Afrika lini? Zinakuja kwao kukiwa na baridi. Kenya Open huchezwa Februari au Machi. Hiyo kwetu ni kaskazi, jua la utosi, masika hayajaanza, visima viko chini kuliko wakati wote. Mwezi ule ule ambao mama wa Mwambani anapanga ndoo, ndio mwezi ambao uwanja unatakiwa kuwa kijani kuliko zulia la msikiti, maana kamera zinatazama.

Tuweke hesabu. Tuseme unanywesha hekta 20 tu kati ya eneo lote, na kila siku unatoa milimita tano. Hiyo ni mita za ujazo 1,000, lita milioni moja. Ni maboza 100 ya lita 10,000, kwa siku, kila siku ya kaskazi. Maji ya jiji letu yanatoka Mto Zigi, kwenye bwawa la Mabayani, na mwaka 2024 mamlaka yetu ya maji, Tanga Uwasa, ilikwenda sokoni na hatifungani ya kijani, yaani mkopo kutoka kwa wawekezaji, ya shilingi bilioni 53.12 ili kupanua huduma. Wananchi na mifuko walinunua. Nitaona ajabu bomba lililopatikana kwa njia hiyo likaishia kumwagilia nyasi za mtu. Dawa ipo: viwanja vingi duniani hutumia majitaka yaliyosafishwa. Lakini majitaka hayo lazima yakusanywe na yasafishwe kwanza, na mtambo huo uandikwe kwenye mkataba kabla ya shimo la kwanza kuchimbwa.

Mbolea nayo. Udongo wa pwani ni mchanga. Ukitia mbolea ya kukuza majani leo na mvua ikanyesha kesho, nusu yake inaelekea baharini. Kusini ya jiji tuna Hifadhi ya Bahari ya Silikanti, yule samaki wa kale, tangu 2009, tuna matumbawe, na upande wa Mkinga akina mama wanalima mwani. Nimeinyunyiza mbolea hiyo kwa mikono yangu, kwa hiyo siyo maneno ya kusoma. Mkubwa wa kazi akiwa mwangalifu inawezekana kuipunguza sana. Mashindano yakikaribia, uangalifu huwa wa kwanza kufukuzwa.

Sasa watu wasiseme mzee wa Mabokweni anapinga gofu. Nataka gofu Tanga. Ninachosema ni kwamba gofu tunayoweza kuipata na ikatufaa si ile ya televisheni. Tazameni Lina PG Tour, mashindano yaliyoanza mwaka 2024 kumkumbuka marehemu Lina Nkya, mchezaji wetu. Hayo yanazunguka viwanja vya humu humu nchini, TPC kule Moshi na Morogoro vikiwemo, viwanja ambavyo havina hoteli ya nyota tano pembeni. Wachezaji wa kulipwa wa Tanzania wanapata pa kupimana, na mji unaowapokea unauza chakula na vyumba vyake vya kawaida. Uwanja wa Tanga wenye nyasi nzuri na maji ya uhakika ungeweza kuomba kuwa kituo kimoja. Ukifanya vizuri hapo, omba mashindano ya ridhaa ya Afrika Mashariki, maana wenzetu wa Mombasa wanafika kwa basi. Ukifanya vizuri tena, ndipo ukaongee habari ya wanawake wa Ulaya. Hiyo ndiyo njia waliyopita Wakenya, na sisi hatuna ya mkato.

Na kazi zenyewe zitazamwe vizuri. Wiki ya mashindano ni waja leo waondoka leo, kama tunavyosema hapa mjini: hema, walinzi, wahudumu, kwaheri. Kazi inayobaki ni ya mkata nyasi, fundi wa mabomba, fundi wa mashine, kedi na mwalimu wa mchezo. Nilikofanya kazi, mkuu wa nyasi aliletwa kutoka nje kwa miaka mingi, huku sisi tuliojua kila kona ya uwanja tukimwonyesha njia. Kama mwekezaji yeyote anataka pwani yetu, chuo cha ufundi cha VETA Tanga kipewe darasa la utunzaji wa nyasi na umwagiliaji kuanzia mwaka wa ujenzi, na wahitimu waandikwe kazini kwa majina ya vyeo, si vibarua wa kuokota majani. Watoto wa kijiji wapewe siku zao uwanjani. Wachezaji wengi wa kulipwa wa ukanda huu walianza kwa kubeba mifuko ya wengine. Ukimzuia mtoto getini umemzuia mchezaji.

Ardhi ya kijiji ina mkutano mkuu wa kijiji, na mkutano huo una haki ya kuuliza. Basi waulize. Zawadi ya hayo mashindano ataitoa nani, kwa miaka mingapi, na barua yake iko wapi? Yasipokuja, hizo nyumba za kuuza zitajengwa vile vile? (Mimi nadhani ndizo hasa zinazotakiwa, na mashindano ni kibwagizo, lakini huenda ninawadhania vibaya.) Njia ya wavuvi kwenda dikoni itabaki, na zile mita 60 kutoka maji yanapofika, ambazo sheria ya mazingira ya 2004 imezilinda, zitabaki? Kibali cha maji kutoka Bodi ya Bonde la Pangani kinasema lita ngapi, kutoka chanzo gani? Tathmini ya mazingira isomwe hadharani kwa Kiswahili, si kubandikwa kwa Kiingereza ofisini.

Na mkutano huo naomba uitishwe Februari, visima vikiwa chini. Usiitishwe Mei, wakati kila mtu ana maji na pwani nzima ni ya kijani bila gharama.

Ni mimi,
Mtunza nyasi mstaafu,
Mabokweni, Tanga